Kidirisha cha Boksi la Majani ya Chai

Mwaka 1992, nikiwa na miaka thelathini na sita, mume wangu alikunja mkeka wake akavuka Ruvuma kwenda kuoa, na huko akabaki. Sikumlilia. Nilikuwa na watoto watatu na sufuria mbili. Watoto wawili wakubwa walichukuliwa na kaka yangu kijijini, maana kwetu mjomba ndiye mwenye watoto, nami nikabaki na wa mwisho, msichana wa miaka mitatu, katika chumba cha udongo pembeni ya Mikindani. Shida zangu nazihesabu kuanzia hapo. Za kabla ya hapo zilikuwa shida za watu wawili, na hizo mtu mzima hazisemi.

Kazi niliyoipata ni ya chumvi. Bamvua likija, bahari inapopanda kuliko siku zote, unafungua mlango wa bwawa, unaingiza maji, unafunga. Jua linachukua zamu. Maji yanahamishwa bwawa hadi bwawa yakizidi kuwa makali, mpaka kwenye bwawa la mwisho yanaganda, na hapo tunaingia sisi wanawake na reki za mbao, tunakwangua na kurundika. Nilianza kama kibarua wa mtu, nalipwa chumvi kwa kukwangua chumvi. Miguu ilinipasuka nikawa naogopa hata kukata limau. Baada ya miaka minne nikaomba bwawa moja lililotelekezwa, ukuta wake umetobolewa na kaa kila mahali. Nikauziba kwa tope la mikokoni, kwa mikono hii. Watu walicheka. Msimu uliofuata walikuja kuazima reki zangu.

Elimu yangu niiseme mapema ili mtu asije akanitafuta kasoro huko mbele. Niliishia darasa la pili, tena sikulimaliza. Baba alinitoa nikafukuze ndege kwenye mpunga, na ndege wa mwaka ule walikuwa wengi kuliko walimu. Baadaye ilipokuja elimu ya watu wazima nilikwenda na mtoto mgongoni. Nikajifunza kuandika jina langu. Mtoto akaanza kuugua, nikaacha. Kwa hiyo nilikuwa nazijua herufi kadhaa kama unavyowajua majirani wa mtaa wa pili: sura unaikumbuka, habari zao huna.

Binti yangu alianza shule mwaka 1997. Jioni alikuwa anakwenda chuoni kusoma Kurani, na huko alikuwa hodari. Kabla ya miaka kumi alikuwa amehifadhi nusu ya Juzuu Amma. Mwalimu wake wa chuo alinisimamisha njiani akaniambia, "Huyu mtoto kichwa chake ni kisanduku, ukitia kitu hakitoki." Nikavimba. Ukitaka kunipata, msifu mtoto wangu.

Basi akiwa nyumbani nikimwambia, "Hebu nisomee cha shuleni," anakaa barazani, anaanza kuyumba mbele na nyuma kama chuoni, anatiririka. Sungura alikwenda shambani. Akamkuta fisi. Fisi akasema hivi, sungura akajibu vile. Hakwami, hakohoi. Majirani wanasimama kusikiliza. Mimi naendelea kukuna nazi, najifanya sijali, lakini masikio yote yako kwake. Sikujiuliza hata siku moja kwa nini kitabu chenyewe hakipo mkononi. Kwetu sisi anayejua kusoma ni yule anayetoa maneno kichwani bila kukosea. Hivyo ndivyo tulivyomjua msomaji tangu wazee wetu, na mimi nilipima kitabu cha shule kwa kipimo cha chuoni.

Mwanzoni mwa mwaka 2000 alikuwa ameingia darasa la nne. Darasa hilo lilikuwa na mtihani mwishoni mwa mwaka, na anayeshindwa anarudishwa kukaa tena na wadogo zake. Mimi sikuwa na wasiwasi.

Jumamosi moja nilimpeleka dukani Mikindani. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi, Mwislamu mwenzetu, aliyezaliwa palepale, anayenunua chumvi yangu tangu nilipopata bwawa. Alikuwa mtu wa maneno machache na miwani mizito. Alikuwa na kabati la kioo lenye sabuni za kunukia na betri, na mimi kila nikifika naegemeza viwiko vyangu viwili juu yake, maana nimechoka. Yeye anavitazama viwiko, anashusha pumzi, anaendelea na kazi. Kwenye ukuta nyuma ya kichwa chake palikuwa na kibao cheupe chenye maandishi mekundu. Nilikuwa nakiona kila wiki. Nilidhani ni dua.

"Shikamoo babu," binti akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Uko darasa la ngapi?"

Kabla hajajibu nikadakia mimi. "La nne. Na anasoma huyu kama redio."

Mzee akafunga sukari kwenye kipande cha gazeti, akakunja ncha. "Redio haisomi, bibi. Redio inasema tu."

"Mpe chochote asome."

Ningekuwa na akili siku ile ningenyamaza. Mzee akachomoa ukurasa kutoka kwenye rundo la magazeti ya kufungia, akaulaza juu ya kabati. Dukani mlikuwa na wanawake watatu wanasubiri mafuta ya taa. Binti yangu akauweka mkono juu ya gazeti, akavuta pumzi, akaanza kuyumba.

"Sungura alikwenda shambani. Akamkuta fisi."

Kidole chake kikawa kinatembea vizuri kabisa, mstari kwa mstari, mpaka sungura akamshinda fisi. Mzee hakumkatiza. Alipomaliza, akamgeuzia gazeti.

"Sungura yuko wapi hapa, mjukuu? Onyesha babu."

Binti akatazama gazeti, akanitazama mimi, akaanza kulia bila sauti.

"Hapa wanazungumza habari za kivuko," mzee akasema polepole. "Kimeharibika."

Mwanamke mmoja akacheka. "Sungura amekosa kivuko."

Wenzake nao wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. Akanipa sukari yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Usimpige. Mtoto ana kichwa kizuri. Macho tu ndiyo hayajaanza kazi."

Sikumpiga. Nisiseme uongo, njiani mkono uliniwasha. Lakini nilikuwa natembea mbele na sikutaka kugeuka, kwa sababu na mimi nilikuwa nalia.

Jumatatu asubuhi nilikwenda shule moja kwa moja kutoka bwawani, miguu myeupe kwa chumvi. Mwalimu wake alikuwa msichana wa bara, Mkristo, aliyeletwa na serikali kutoka mikoa ya juu kwenye baridi. Alikuwa hajazoea joto letu. Muda wote ana leso mkononi. Nilimkuta darasani peke yake anapanga madaftari.

"Shikamoo mama. Karibu ukae."

"Sikai. Nataka kujua mwanangu amefundishwa nini miaka mitatu yote."

"Basi simama, mama, lakini unisikilize."

Nikaona, huyu hanionei haya. Nikamsikiliza. Akaniambia darasa lina watoto zaidi ya themanini na vitabu sita. Wanaokaa mbele wanaona maandishi. Wa nyuma wanasikia, wanaitikia. Mtoto mwenye kichwa kizito anashindwa mapema, mwalimu anamgundua. Mtoto mwenye kichwa chepesi anakariri kitabu kizima na kupita darasa hadi darasa, hakuna anayejua. "Wa kwako ni huyo wa pili," akasema. "Nimemgundua mwezi uliopita. Nilitaka nikuite, nikasikia mama yake ni mkali."

"Nani kasema?"

"Wote."

Nikakaa. Akatoa kwenye mkoba boksi tupu la majani ya chai, akachukua wembe, akakata kipande cha ukubwa wa kiganja, na katikati yake akatoboa kitundu kirefu chembamba. Akakiweka juu ya kitabu. Maandishi yote yakapotea, likabaki neno moja tu ndani ya kitundu, limekaa kama mtu anayechungulia dirishani.

"Unakisogeza hivi," akasema. "Mbele, nyuma, popote. Mtoto hajui neno gani linakuja. Hapo kukariri hakumsaidii, lazima macho yafanye kazi. Nusu saa kila siku, kabla jua halijazama." Halafu akauliza, "Nyumbani kuna mtu anayejua kusoma?"

"Nipo mimi."

"Mama unasoma?"

"Nasoma," nikasema.

Akaniazima kitabu kimoja, kila wiki kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, jambo ambalo hakuruhusiwa. Yule mzee wa dukani nikamwomba magazeti ya kufungia kwa siku za katikati, akanipa rundo bila kuuliza. Basi kila siku baada ya alasiri mimi na binti tunakaa barazani, mimi nasogeza kidirisha, yeye anatazama, anasema neno. Nami najibu, "Eee. Endelea." Nikiona amechelewa, nasema, "Tazama vizuri." Nilijiona mwalimu kamili. Hata leso nilishika.

Tukaenda hivyo wiki mbili, pengine tatu. Siku moja nikasogeza kidirisha, akasema, "Mama." Nikasema, "Eee. Endelea." Nikasogeza. Akasema, "Ana." Nikasema, "Eee." Nikasogeza. Akasema, "Ndevu."

"Eee. Endelea."

Akafunika mdomo kwa mikono yote miwili, mabega yanatikisika.

"Una nini wewe?"

"Mama, umesikia nilichosoma?"

"Nimesikia. Endelea."

"Nimesema mama ana ndevu."

Nikatazama kitabu. Herufi zikanitazama. Ningeweza kumzaba kofi, na mtaa mzima ungesema alistahili. Nikajikuta nacheka. Nilicheka mpaka kidirisha kikaanguka. Halafu nikamwambia. Nikamwambia darasa la pili, ndege, mpunga, yote. Nikamwambia na ya mwalimu, kwamba nilimdanganya.

Akafikiri. "Basi wewe ni la pili, mimi ni la nne. Nimekupita kidogo tu."

Lakini kulikuwa na jambo ambalo halikuchekesha. Wiki zote hizo alikuwa akisema maneno ya kubahatisha na mimi nayabariki. Mtihani ulikuwa Novemba. Mtoto anayeweza kuona maneno machache na kubuni yaliyobaki hawezi kupita mtihani, na wa kumsahihisha nyumbani hakuwepo. Ilikuwa ama nirudi shuleni nikaseme nilidanganya, ama nikae na heshima yangu na mtoto arudishwe. Nilikaa na heshima yangu siku nne. Ya tano nikaenda.

"Mwalimu, mimi sijui kusoma."

"Najua, mama."

"Umejuaje?"

"Ulivyokipokea kile kitabu. Ulikishika kama samaki wa mtu mwingine."

Tangu siku hiyo nilimpenda yule msichana. Akaniuliza ni wakati gani napumzika. Nikamwambia Jumamosi asubuhi, bwawa likiwa limeshakwanguliwa tunangoja maji. Akasema, "Nitakuja hukohuko." Nikadhani anatania. Jumamosi akaja amevaa viatu vyeupe, na hatua ya tatu kwenye ukingo akateleza akaingia topeni mpaka kiunoni. Wenzangu wanne tuliokuwa tunafanya kazi pamoja wakamvuta. Mmoja akamwambia, "Karibu Mtwara, mwalimu. Sasa umefika."

Bwawa lililokwanguliwa linabaki na tope laini, jeusi, limenyooka kama limepigwa pasi. Mwalimu akalitazama. Akaokota kijiti cha mkoko, akainama, akaandika: ba be bi bo bu. Herufi zikakaa vizuri kuliko ubaoni. Chumvi iliyobaki ilikuwa inakauka ndani ya mistari, na baada ya muda herufi zikawa nyeupe zenyewe.

Nikaanza hapo, na miaka yangu arobaini na minne. Binti pembeni yangu. Mwalimu anaandika neno, anafunika upande mmoja kwa kanga yake, tunasoma kilichobaki. Wenzangu watatu wakaingia. Wa nne akakataa. "Mimi nimekuja kukwangua chumvi, sikuja kuolewa na kalamu." Akakaa ukingoni anamenya ming'oko, viazi vyetu vya porini, na kula. Lakini tukikosea, yeye ndiye wa kwanza kusema "aa-aa", na mpaka leo sijajua alijuaje.

Siku nyingine mwalimu alikuwa haji, ana malaria au ana mikutano. Tulifanya wenyewe. Binti aliandika maneno aliyoyaokota shuleni, nami niliandika vitu ninavyovijua: reki, kaa, mkoko, maji. Nilikuwa mzito. Yeye alikuwa mwepesi, na alikuwa na ubaya mmoja, alikuwa anataka kukimbia kabla hajatazama, kama zamani. Kila akianza kuyumba mbele na nyuma nilikuwa namshika bega. "Tulia. Hapa si chuoni. Chuoni tunahifadhi, hapa tunatazama." Taratibu akaacha kuyumba. Kazi ni mbili, na mtoto mmoja anaweza kuzifanya zote, lakini lazima aambiwe ipi ni ipi. Hilo mimi hakuna aliyewahi kuniambia.

Ikafika Juni, likizo. Dada yangu mkubwa akaja kutoka kijijini. Wasichana wa rika la binti yangu walikuwa wanaingizwa unyagoni, na wa kwangu alikuwa ameshawekwa kwenye hesabu. Ngoma, kufungiwa ndani, mafunzo ya kike. Wiki nyingi, na mara nyingi mtoto anarudi shule ilishaanza na akili yake iko mbali. Mwalimu alikuwa haniambii kitu, lakini nilikuwa naona anavyonitazama.

"Mtoto ataingia Desemba," nikamwambia dada.

"Desemba? Wenzake wote wanaingia sasa. Unataka aonekane hana kwao?"

"Ngoma haikimbii. Mtihani ukipita haurudi."

"Umeanza lini kujua mambo ya mitihani wewe?"

"Mwezi wa tatu," nikasema. Ilikuwa kweli.

Alinuna. Alikula samaki wangu siku tatu amenuna, akaondoka amenuna. Desemba alirudi, akamcheza mwari vizuri na kwa mbwembwe zote, na tukapatana. Simlaumu. Kila mtu analinda anachokijua.

Wiki moja kabla ya mtihani nilimwambia binti avae gauni la sikukuu. Akauliza tunakwenda wapi. Nikasema dukani. Akasimama. "Mama, kulekule?"

"Kulekule."

Alikuwa amebeba kidirisha mkononi. Kilikuwa kimeshalegea kwa jasho, picha ya kikombe cha chai imefutika. Nami nilikuwa na hofu kuliko siku niliyoachwa. Nilijua akishindwa pale ameshashindwa Novemba, na kosa litakuwa langu, maana nilimpotezea wiki zile kwa kiburi.

Mzee alitukumbuka. Wanawake dukani walikuwa wengine, lakini mmoja alikuwa yuleyule wa kivuko. Mzee akavuta rundo la magazeti. Akafumba macho kabisa, akachomoa ukurasa katikati ya rundo, akaulaza juu ya kioo.

Binti hakuyumba. Akaweka kidirisha. Akatazama.

"Wakulima," akasema. Akasogeza. "Wanaombwa." Akasogeza. "Ku-a-ni-ka. Kuanika. Korosho. Vizuri. Kabla ya. Ku... kuzi... kuzipeleka." Akakwama. Yule mwanamke akafungua mdomo, nikamtazama, akaufunga. "Gha-la-ni. Ghalani."

Ilikuwa polepole kama kobe. Haikuwa redio.

"Sasa niambie," mzee akasema. "Wanasemaje hapo?"

Binti akafikiri. "Wanasema wasipelekewe korosho mbichi. Zitaoza."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa kanzu. "Macho yameanza kazi," akasema. Akampa peremende mbili. Halafu akanigeukia. "Na wewe, bibi? Nasikia bwawani kwako siku hizi kuna shule."

Viwiko vyangu vilikuwa vimeegemea palepale vinapoegemea siku zote. Nikainua uso, nikakitazama kile kibao cheupe nyuma ya kichwa chake. Nikakisoma kimoyomoyo mara ya kwanza, sikuamini. Nikakisoma tena kwa sauti.

"U-si-e-ge-me-e. Usiegemee ki-o-o. Usiegemee kioo."

Nikatoa viwiko.

"Miaka minne," mzee akasema. "Kila wiki."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, bibi? Nimeandika."

Duka zima likacheka, na mimi nikacheka kuliko wote.

Mtihani alipita. Hakuwa wa kwanza wala wa kumi, alikuwa katikati, na Januari akaingia darasa la tano na wenzake. Mwalimu wetu alihamishwa mwaka uliofuata kurudi kwenye baridi yake. Nilimpa kiroba cha chumvi na barua niliyoiandika mwenyewe, mistari mitatu. Aliisoma mbele yangu, akatumia leso, na siku hiyo hapakuwa na joto.

Sasa ni mwaka 2009. Binti yangu yuko Magomeni, anafanya kazi kwenye duka la dawa. Wazee wanamletea vikaratasi vya hospitali, anawasomea mara mbili, halafu anawauliza, "Sasa niambie, wanasemaje hapo?"

Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba ya matofali, vyumba vinne, bati, sakafu ya saruji. Mabwawa matatu ya chumvi, moja linavuja. Reki sita na toroli moja. Mbuzi wanne. Sufuria tisa. Miwani, ya kwangu. Rafu ya mbao yenye vitabu kumi na saba, vitatu nimevimaliza. Kidirisha kimoja cha boksi la majani ya chai. Cha kwanza kilioza, hiki nimekikata mwenyewe. Mjukuu wa kaka yangu anakaa nacho barazani kila siku baada ya alasiri, na akisoma neno ambalo halipo, namwambia halipo.